Kubebana Hadi Kwenye Barua Pepe

Chumba chetu cha hosteli, Dar es Salaam, kilikuwa cha watu wanne, tukakaa saba. Wanne tulikuwemo kwenye daftari la ofisi. Watatu walikuwa wamebebwa. Aliyesoma chuo mjini hapa hahitaji kuelezwa kubebana ni nini. Ambaye hakusoma ajue tu kwamba kitanda chembamba kile kililaza wawili, mmoja kichwa huku, mwenzake miguu huku, na mlinzi akigonga usiku, watu walihamia uvunguni bila kuulizana.

Basi chuo kiliponipa anwani ya barua pepe, jina langu na la babu yangu, na mwishoni .ac.tz, nikaichukulia kama kitanda. Nikabeba watu.

Wa kwanza alikuwa jamaa wa kitanda cha juu. Paswedi yake aliisahau wiki ile ile aliyopewa, na foleni ya ofisi ya TEHAMA aliiona mateso. "Mwanangu, niazime yako siku mbili tu, nishushe vitabu." Siku mbili zikafika muhula wa pili. Mwingine akajiandikishia humo kampuni ya kubeti, maana kwa anwani yake mwenyewe ofa ya mgeni alishaimaliza. Tangu hapo kila Jumapili asubuhi, katikati ya tangazo la maktaba na ratiba ya mitihani, nikawa napokea pole ya mkeka uliochanika ambao sikuusuka mimi. Ili asisumbuliwe mtu, paswedi tuliibandika nyuma ya mlango, chini ya zamu za kupika. Kupika nako kulikatazwa.

Fomu ya chuo ilisema akaunti ni ya mwenye jina na haiazimwi. Niliitia saini nimesimama, karatasi iko mgongoni kwa mwenzangu. Sikuisoma.

Lakini janga la kwanza nililitengeneza peke yangu, bila msaada wa wabebwaji. Nilikimbilia steshenari nje ya geti kuprinti kazi ya kikundi, zimebaki dakika 20 za kukusanya. Nikafungua barua pepe kwenye kompyuta ya duka, nikashusha faili, nikalipa, nikatimua. Dirisha nililifunga. Kwenye akaunti sikutoka. Wakati ule nilidhani ni kitu kimoja, kama mtu anayerudishia mlango na kuuacha ufunguo unaning'inia kwenye kitasa.

Siku nne baadaye nakatiza pale, mama mwenye duka ananiita kwa sauti ya msibani.

"Njoo mwanangu. Usijali. Supp si mwisho wa maisha."

Nikamwamkia shikamoo, kwa kuwa sikuwa na neno jingine.

"Marahaba. Hiyo ya Takwimu. Ratiba imeingia tangu asubuhi, tarehe 9, saa 8 mchana. Nimekuprintia, hulipi."

Wateja watano wenye flashi mikononi wakanitazama kwa huruma. Kufeli kwangu alikujua yeye kwanza, kisha wao, kisha mimi. Ningejua kwamba kwenye mipangilio ya akaunti kuna mahali panapoorodhesha kila mashine uliyoingilia, na kwamba unaweza kuzifukuza zote kwa simu ukiwa umejilaza, ningekuwa nimezifukuza. Sikujua. Nikachukua ratiba, nikashukuru, nikaanza kuprintia duka jingine.

Janga la pili linamhusu Dokta mmoja, ambaye simtaji kwa sababu cheti bado sijakichukua. Ijumaa usiku aliliandikia darasa zima, watu 400 na ushei, kwamba kipindi kilichopotea kingefidiwa kesho yake saa 2 asubuhi. Nikataka kumrushia rafiki maneno sita: "Huyu mzee kwao hakuna familia jamani?" Kidole kikagusa pa kuwajibu wote. Na Dokta naye alikuwa amezipanga anwani zetu peupe badala ya kuziweka kwenye nakala fiche. Maneno sita yakatua kwa watu 400, kwa Dokta mwenyewe, na kwa mkuu wa idara aliyenakiliwa kwa taarifa.

Gmail hukupa sekunde 5 za kuirudisha barua iliyotoka, na ukipenda unaziongeza hadi 30. Zangu 5 nilizimaliza kwa kuucheka utani wangu.

Kisha darasa likaamka. Mmoja akawajibu wote kuwasihi wasiwajibu wote. Mwingine akauliza nani kaokota kikokotoo chake. Wa tatu akaandika "Amina". Saa 5 usiku Dokta akajibu, naye kwa wote: "Ninayo. Mke na watoto wanne. Kesho saa 2 watakuwa nyumbani. Mimi na wewe tutakuwa darasani, kiti cha mbele."

Ray Tomlinson, Mmarekani aliyetuma barua pepe ya kwanza ya mtandao mwaka 1971, tena kati ya kompyuta mbili zilizokuwa ubavu kwa ubavu, alisema baadaye kwamba alichoandika alikwisha kukisahau. Heri yake. Yangu waliikumbuka watu 400, na mpaka mahafali jina langu likawa Familia.

Janga la tatu lilikuja bumu, yaani pesa ya mkopo, lilipochelewa. Chumba kilikuwa kinaishi kwa chai ya rangi na chapati za kugawana kwa rula. Ikaingia barua: Bodi ya Mikopo inatoa nyongeza, thibitisha akaunti yako ndani ya saa 24. Dalili zote zilikuwepo. Anwani haikuwa ya .go.tz bali herufi na tarakimu zilizomwagika kama dengu. Iliniita "Mpendwa Mnufaika", ilhali Bodi inanijua kwa jina, pamoja na la mdhamini wangu. Na ilitaka paswedi. Mtu aliyeshiba angeziona dalili hizo. Sisi tuliiona nyongeza tu, watu saba juu ya simu moja. Nani alijaza, sitasema. Vidole vilikuwa vingi, njaa ilikuwa moja.

Usiku ule akaunti yangu iliwaandikia wahadhiri barua za kuomba pesa. Mimi sikuona hata jibu moja. Niligundua pale CR, kiongozi wa darasa, aliponiuliza kama kwetu kuna matatizo.

Fundi wa TEHAMA alinifungulia akaunti mbele yangu. "Mdogo wangu, huyu mtu kaweka kichujio. Kila anayekujibu, jibu linakwenda kwenye pipa la taka." Akashuka kwenye orodha ya vifaa. "Na humu mna simu saba na kompyuta ya steshenari. Hii ni akaunti au daladala?" Akanikumbusha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, akakifuta kichujio, akawashusha abiria wote, akageukia ukutani nikaandika paswedi mpya ndefu. Mwisho akaniwekea hatua ya pili: anayeingia kwa kifaa kigeni lazima awe na namba inayotumwa kwenye simu yangu.

Jioni ile tumekaa chumbani, simu yangu ikalia: namba ya mtu aliyesahau paswedi. Ikalia tena: namba nyingine. Wote saba tukatazama dari.

Ikabaki kuwapitia wahadhiri mmoja mmoja kuomba radhi. Dokta nilimweka mwisho. Nikamwamkia, nikaanza kueleza kwamba barua ile, ile iliyosema "Mheshimiwa Dokta, natumaini u mzima wa afya wewe na familia yako, nimekwama, naomba shilingi 50,000", haikutoka kwangu.

"Najua," akasema bila kuinua macho kwenye mitihani aliyokuwa akisahihisha. "Nilijua tangu mstari wa kwanza."

"Ulijuaje, Dokta?"

"Ilinisalimia. Ikauliza na familia."