Rudini Kesho, Wazee

Mzee aliyepigana na Mwingereza katika Mau Mau ya Kenya ana bahati kuliko wengi: anazo serikali mbili za kumwambia arudi kesho.

Ya kwanza ni ya London. Wazee walipoishtaki mwaka 2009 kwa mateso ya kambi za kizuizi za mkoloni, ilijibu bila haya kwamba deni hilo lilihamia kwa serikali ya Kenya mwaka 1963, pamoja na bendera. Yaani aliyehasiwa kambini akaidai serikali aliyoipigania! Jaji akakataa kuifuta kesi kwa hoja hiyo mwaka 2011. Ikaletwa nyingine: muda umepita mno. Muda wenyewe, tafadhali, ndio ule ambao majalada ya Kenya yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, hukohuko Uingereza. Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, akasema serikali yake inasikitika (kusikitika si kukiri deni, wanasheria walishapima), na pauni milioni 19.9 zikatengwa kwa wadai 5,228, gharama za kesi humohumo.

Ya Nairobi ilikuwa na adabu zaidi. Haikubishana na mtu. Iliiacha tu marufuku ya mkoloni dhidi ya Mau Mau ikae palepale hadi mwaka 2003. Miaka 40 ya sikukuu za taifa, mashujaa wakisifiwa jukwaani, na kundi lao ni haramu kisheria. Sijui waliopiga makofi walikuwa na kibali.

Na mashamba? Hayo yalipimwa na kugawanywa miaka ya 1950, wapiganaji wengi wakiwa kizuizini. Sasa mtu asipohudhuria mkutano wa kugawa ardhi, serikali ifanyeje?