Mgongo Wazi Mwezi wa Saba

Mishono yote ninayoipenda imebuniwa na mtu anayetoka jasho. Unaiona kwenye simu: dada wa Dar es Salaam amesimama ufukweni, mabega nje, mgongo wazi hadi kiunoni, kitenge kimembana mpaka magotini kisha kikamwagika. Unaihifadhi picha. Halafu unainua macho, unachungulia dirishani, na hapo unakumbuka kwamba uko Tosamaganga, zaidi ya mita 1,500 juu ya hiyo bahari, na kwamba maji ya kunawia asubuhi yamekuuma vidole hadi uzi unagoma kupita kwenye tundu la sindano.

Nashonea nyumbani, kwa cherehani cha miguu. Kwa hesabu za Charles Mwijage, aliyekuwa waziri wa viwanda akatuambia kwamba vyerehani vinne tayari ni kiwanda, mimi namiliki robo ya kiwanda. Wifi yangu, anayekaa kibarazani na kikombe cha chai akisema "hapo pamepinda", ndiye idara ya ubora.

Tatizo la huku ni kalenda. Kwaresima hakuna ndoa kanisani. Mvua zinaanza Novemba au Desemba, zinakwenda hadi Aprili, na barabara ya vumbi inakuwa tope. Kabla mahindi hayajavunwa, kamati ya harusi inachangisha ahadi tupu. Kwa hiyo harusi za maana zinarundikana kati ya Juni na Agosti, miezi ileile ambayo hata mbwa wa Tosamaganga huota jua ubavu mmoja, akageuka kuota wa pili. Ndipo nasi tunapoamua kuvaa mgongo wazi.

Wamisionari hawakuwa na ujinga huo. Wa Consolata, shirika lililoanzishwa Turin mwaka 1901, walipoipokea misheni hii baada ya Vita Kuu ya Kwanza kutoka kwa Wabenedikto wa Kijerumani, walikuja na kanzu za kufunika kila kitu kuanzia shingoni hadi visiginoni. Wao walitazama mawingu kwanza. Sisi tunatazama simu.

Harusi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya upande wetu, mwezi wa saba. Kamati ilichagua sare ya kitenge cha kijani chenye ndege wakubwa. Sasa, ndege ana kichwa na miguu, maana yake kitambaa kina juu na chini, na fundi anayetaka vipande vitoshe hukigeuza bila kumwuliza mtu. Kila mwanamke alikwenda kwa fundi wake. Tulipokutana kanisani, wengine ndege wao walikuwa wanapaa, wengine wanaanguka. Mama mmoja wa kamati alikuwa na ndege aliyekatwa na mshono wa kiuno: kichwa kifuani, miguu kwenye nyonga, katikati hakuna kitu. Ndege wangu wote walisimama wima. Nilihakikisha watu wanaliona hilo.

Padri alihubiri kuhusu subira, nadhani. Mimi nilikuwa nasoma zipu ya mama aliyekaa mbele yangu. Imeshonewa kwa uzi mweusi kwenye kitambaa cha kijani, na kwa kila "tusimame" jino moja lilikuwa linaachia. Anayeshona haendi misa wala msibani wala sokoni. Anakwenda kukagua mapindo. Nimewahi kumfuata mtu Miyomboni, mjini Iringa, nijue tu kola yake imekatwaje, hadi akageuka akaniuliza kama namdai.

Zipu iliyopasuka siyo ile. Ilikuwa ya matroni, nyuma ya kanisa, dakika chache kabla ya kutoka. Mkoba wangu haukosi sindano, kwa hiyo nilimshonea gauni mwilini, mgongo mzima, akiwa amezuia pumzi. Aliniombea baraka. Baadaye, baada ya soda mbili, alianza kunitafuta kwa hasira na hatua fupifupi, na wote tulielewa anatafuta nini. Tulimfungua kwa wembe.

Lakini nirudi kwenye mgongo wazi wa gauni langu. Nilikuwa nimeufanyia kazi usiku mwingi: mikanda myembamba inayopishana, bitana ya satini pembeni, vifungo vidogo nilivyovivika kitenge chenyewe. Na mikono ya puto, kwa sababu picha ilikuwa nayo. Tulipotoka kanisani, upepo ukapita. Wanawake wote, bila kupeana ishara, wakafungua mikoba. Yakatoka masweta, mashuka, majaketi ya mitumba. Shangazi alivaa la bluu, la kutelezea kwenye theluji, bado lina kadi ya mlima fulani wa Ulaya kwenye zipu. Ndege wote wakatoweka. Nami nilivaa sweta, na yale maputo yakaingia humo kwa nguvu, nikawa na mabega ya mcheza mieleka.

"Jamani, sare iko wapi?" mpiga picha akalia. "Vueni masweta!"

Tukavua. Puto moja lilitoka limesimama, la pili limelala. Tukapangwa kwenye ngazi, meno yanagongana, akapiga picha, tukavaa tena haraka. Picha ninayo. Nimetokea vizuri sana, kwa mbele.

Kwenye haisi ya kwenda ukumbini mjini, konda alinitazama akauliza kama mabega yangu yanalipa nauli ya siti mbili. Shangazi alikaa nyuma yangu. Njiani, abiria walipobanana na joto likaanza kupatikana, nilivua sweta, na hatimaye mtu mmoja akauona mgongo.

"Hii umeshona mwenyewe?" Akapitisha kidole kwenye mikanda. "Hongera, mwanangu! Na mimi unishonee hivihivi, la Krismasi."

Nilimwambia nitamshonea, Krismasi angalau baridi imepungua.

"Hivihivi kabisa," akasema, akifunga jaketi lake hadi kidevuni. "Ila hapa mgongoni uweke kitambaa."