Wageni Wasimame

Daftari la mtaa wetu, hapa pembezoni mwa mji wa Morogoro, lina washarika 47. Kwenye mabenchi huwa tunafika 19, au 21 kukiwa na ubatizo. Katika hao tusiowaona, wengine wamehamia Dodoma, wengine wamehamia kwenye hema la maombi ng'ambo ya korongo, na watatu ni marehemu. Katibu amekataa katakata kuwafuta marehemu. Mmoja wao aliondoka na ahadi ya mifuko kumi ya saruji, na kumfuta ni kuikatia tamaa saruji yenyewe.

Mwaka jana wazee wa kanisa waliunda kamati ya kuongeza washarika. Nikachaguliwa mwandishi kwa sifa moja tu: nilikuja kikaoni na kalamu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Sisi tulikuwa tunatafuta kumi.

Tulianza na spika. Wenzetu wa hemani wana spika ndefu kama makabati, sisi tukaazima mbili usharikani na kuzielekeza kwenye kijiwe cha bodaboda. Ibada ilikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa mzee wa zamu, aliyeingia ofisini kuhesabu sadaka na maiki mkononi, haijazimwa. Kijiwe kizima, pamoja na akina mama waliokuwa wakichagua nyanya gengeni, walimsikia mhazini wetu akisema kwa uchungu: "Elfu kumi na tatu na mia saba. Na hii ya elfu mbili imebandikwa selotepu." Kesho yake mwenye genge alinipa pole, akaniongezea fungu la mchicha. Hatukupata msharika, ila tangu siku hiyo bodaboda wanambeba mwinjilisti kwa nusu nauli.

Tukaona basi twende nyumba kwa nyumba. Pa kuanzia hatukupajua, maana makarani wa sensa hawajamuuliza mtu dini yake tangu 1967. Tukatoka wawili wawili kama mitume, mashati tumechomekea, daftari kwapani. Daftari ndilo lililotuponza. Siku hizi mtu aliyechomekea, mwenye daftari, akibisha hodi Jumamosi asubuhi, huyo ni wa mkopo wa kausha damu. Nyumba ya kwanza tulisikia ndala zikikimbilia uani. Ya pili alitoka mtoto wa kama miaka sita, akatukagua kuanzia viatu, akasema, "Mama kasema hayupo."

Mwenzangu, mama mtu mzima wa kwaya, akamuuliza kwa upole mama amekwenda wapi.

"Mama! Wanauliza umekwenda wapi!"

Kimya. Kisha sauti kutoka ndani: "Waambie nimekwenda msibani."

Tukamwachia mtoto peremende, na pole za msiba.

Kamati ilipendekeza pia tuunganishe kwaya zetu mbili ili angalau zisikike hadi barabarani. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana yakawa KKKT. Kwaya zetu mbili, zenye watu wanne wanne, zimeshindwana kwa sababu ya rangi ya sare. Hilo niliache, nina majirani humo.

Lakini nisiwasingizie watu. Huwa wanakuja. Sisi ndio huwafukuza, tena kwa ukarimu. Masika iliyopita kijana mmoja alikimbilia kanisani kukwepa mvua, akajibanza benchi la nyuma. Yalipofika matangazo, ambayo kwetu ni marefu kuliko mahubiri, mzee akasema: wageni wasimame. Mahali penye watu 20 wanaojuana hadi madeni, mgeni hana pa kujificha. Akasimama, maji yakimchuruzika. Jina? Umetokea wapi? Unasali wapi? Umetuletea salamu gani? Hakuwa na salamu. Tukampigia makofi, tukamwimbia mapambio mawili, tukampa bahasha ya jengo na bahasha ya shukrani, tukachukua na namba ya simu ili aunganishwe na jumuiya. Mvua ilipokatika tukatoka naye nje, kwenye mnada.

Kwetu asiye na noti huleta mayai, mua au maboga, vinanadiwa baada ya ibada, na mtu hununua yai kwa elfu tatu akajiona amebarikiwa. Mnadishaji akainua boga: "Mgeni wetu atufungulie kwa elfu kumi!" Kijana alikuwa na nauli tu. Akatoa simu mfukoni, akasema samahani naomba niipokee, akasogea pembeni. Anaipokea hadi leo.

Aliyebaki aliletwa na jogoo. Sikukuu ya mavuno, mtoto mmoja wa shule ya Jumapili alikuja na jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye kiburi. Hatukuuliza kamtoa wapi. Akanadiwa kwa 18,000, mnunuzi akamrudisha kwa Bwana. Akanadiwa tena kwa 25,000, akarudishwa. Mara ya tatu akaenda kwa 30,000, na mnunuzi akamzawadia mchungaji, aliyekuwa amekuja siku hiyo kutupa chakula cha Bwana.

Jumapili iliyofuata baba mmoja tusiyemjua alikaa benchi la nyuma, mgongo umenyooka. Wageni wasimame. Akasimama bila kubembelezwa, akataja jina, akataja nyumba yake nyuma ya genge, akasema: "Nimemfuata jogoo wangu."

Wenye haraka walikuwa wameshaanza makofi. Mama wa mapambio, ambaye akishavuta pumzi hazuiliki, akaanzisha wimbo wa kumkaribisha mgeni, na tukauimba hadi mwisho macho yakiwa sakafuni.

Baada ya ibada tukamwita ofisini, maiki tukiwa tumeikagua mara mbili. Tukamweleza kwamba jogoo ameshakuwa mchuzi, tukamtolea 30,000. Hakuzigusa.

"Mlimuuza mara ngapi?"

Mara tatu.

"Jumla?"

Mhazini hawezi kudanganya hesabu hata kwa kuokoa kanisa. "Elfu sabini na tatu."

Baba yule akatafakari. "Kwa hiyo siku ile mimi ndiye niliyetoa nyingi kuliko wote."

Tukatazamana. Ilikuwa kweli. Akaomba risiti, na risiti zetu haziandikwi bila namba ya msharika. Katibu akafungua daftari, akamwandika: 48.

Sasa hakosi Jumapili. Huwahi, akakaa benchi lile lile karibu na mlango, mahali anapoweza kuwaona kuku wote wanaoingia.