Betri Haina Kosa

Msyuu! Yaani gari likikataa kuwaka asubuhi mtaa huu, boneti halijafunguliwa, hukumu imeshatoka: betri hiyo, kanunue nyingine. Anayehukumu ni muuza kahawa, ni dereva wa bajaji, ni mpita njia aliyesimama kusalimia watu. Na mwenye gari ana haraka ya kazini, anatoa hela. Betri mpya inafungwa, gari linawaka, watu wanapeana tano. Wiki haijaisha, gari limelala tena. Jamani, tutanunua betri mpaka lini, na anayezikausha bado yumo ndani ya gari?

Hili linanikera kwelikweli, acheni niliseme. Magari yetu haya ya mkononi, IST, Vitz, Raum, Noah, yameshatembea Japani miaka kabla ya kupanda meli. Yakifika hapa, mtu mmoja anafunga alamu, mwingine anafunga redio kubwa, wa tatu anafunga kifaa cha kulifuatilia gari, na kila mmoja anakata waya alioukuta na kuuzungushia selotepu nyeusi. Ongezeni upepo wa chumvi wa Dar. Ongezeni masika, pale Jangwani maji yanapofika mlangoni mwa gari na dereva anajitosa hivyo hivyo. Umeme wa gari hilo utasumbua tu. Lakini usumbufu mwingi ni mdogo, wa mtu kuuona mwenyewe nyumbani kwake Jumapili, kwa mita ya kupimia umeme ambayo bei yake haifiki ya kuku wawili wa kienyeji.

Mita hiyo mafundi redio wote wanayo, kaazime kama huna. Iweke kwenye volti za DC, alama ya 20. Waya mwekundu kwenye kichwa cha chanya, mweusi kwenye hasi. Pima alfajiri, gari limelala usiku kucha, hujaligusa. Ukisoma 12.6, betri imejaa. 12.4 ina kama robo tatu. 12.2 ipo nusu. Chini ya 12 imekwisha, ichaji kwanza ndipo uanze kuituhumu. Halafu mtu apige stata wewe macho kwenye namba. Betri iliyojaa ikizama chini ya volti 9.6 wakati stata inazunguka, hapo sawa, betri ni mgonjwa, nenda dukani. Gari likiwaka, soma mara ya tatu. Kati ya 13.8 na 14.5 hivi, alteneta inachaji. Ikibaki 12 na pointi zake, hata ufunge betri ya trekta utalala njiani, maana hakuna anayeijaza. Vipimo vitatu, dakika tano, na watu hawavifanyi. Wanabeba betri begani!

Sasa kuna mdogo wangu hapa ananiuliza, "Mzee, mita imesoma 12.5, mbona stata inagonga tak, tak, haizunguki?" Swali zuri. Tazama vichwa vya betri. Ule unga mweupe unaoelekea kijani, umeuona? Stata inataka amp 100 na zaidi kwa mkupuo mmoja, na hizo hazipiti kwenye unga. Taa ya ndani itawaka, redio italia, kwa sababu hivyo vinakula kidogo, na wewe utadanganyika. Fungua vichwa, ukianza na hasi. Wakati wa kufunga, hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, zitaruka cheche za kukuunguza. Pete vua, bangili vua. Changanya maji ya moto na magadi kidogo, mwagia, ile asidi itachemka povu na kufa; suuza kwa maji safi, kausha, piga msasa mpaka risasi ing'ae, kaza. Magari mangapi yanaamka hapo hapo!

Lisipoamka, fuata waya mnene wa hasi uone unakoishia. Umefungwa kwenye bodi na kwenye injini, na hapo ndipo mafundi wanapopaita ethi. Mimi ningekuwa na uwezo, kila mwenye gari angeonyeshwa sehemu hiyo siku anayokabidhiwa ufunguo. Umeme wa gari unakwenda kwa waya na kurudi kwa bati la gari lenyewe. Bati likiota kutu chini ya nati, umeme unakuwa kama daladala lililoingia Kariakoo na njia ya kutokea imefungwa: linatafuta vichochoro. Ndipo mnapoona yale mnayoita maajabu. Ukikanyaga breki, taa za dashibodi nazo zinapata uhai. Ukiwasha indiketa ya kushoto, taa ndogo za nyuma zinakonyeza pamoja nayo. Usiku taa moja ya mbele ina mwanga wa koroboi. Mtu akiona hivyo anaambiwa wayaringi nzima imeoza, ibomolewe, ifumwe upya. Ah! Wayaringi nzima?

Anza na globu. Ile ya nyuma ina nyuzi mbili ndani, mmoja wa wati 5 wa taa ndogo, mwingine wa wati 21 wa breki. Itoe, iangalie kwenye mwanga. Uzi mmoja ukikatika ukaangukia mwenzake, utapata maajabu yale yale, na dawa yake ni globu tu. Globu ikiwa nzima, njoo kwenye ethi. Kwenye Toyota waya wa ethi kwa kawaida ni mweupe wenye mstari mweusi. Ufuate kutoka nyuma ya taa, utaukuta umekazwa kwa nati kwenye bodi ndani ya buti. Washa taa inayosumbua, gusa ethi ya taa hiyo kwa ncha moja ya mita, na ncha ya pili, kwa kutumia waya mrefu, ipeleke kwenye hasi ya betri. Ukisoma karibu na sifuri, njia ya kurudi ni safi. Ukisoma volti moja au mbili, umeshampata mwizi. Fungua nati, msasa, grisi kidogo juu yake ukishakaza, basi.

Na indiketa inayokimbia mbio upande mmoja mnaiona? Globu moja ya upande huo imeungua, mbele au nyuma. Mtu asikuuzie swichi ya usukani.

Kuna kisa cha dada mmoja jirani yetu, hiki kiliniuma. Gari lake la oto, asubuhi gia haitoki P. Anavuta, haitoki. Akaitwa fundi, simtaji, akatikisa kichwa: dada, gia boksi hiyo, tafuta hela tukaangalie ya mtumba Ilala. Dada wa watu akakaa kitako kwenye kizingiti. Kijana mmoja wa hapa akamwomba akanyage breki, akaenda nyuma kutazama. Taa za breki hazikuwaka hata moja. Basi jibu likapatikana. Gari la oto halikuachii gia itoke P mpaka lijue umekanyaga breki, na linajua kwa swichi ile ile ya pedali inayowasha taa za breki. Fyuzi iliyoandikwa STOP ilikuwa imekatika. Fyuzi yenyewe bei ya maandazi! Na kama ungekwama porini huna fyuzi, magari mengi ya oto yana kitufe au kijitundu pembeni ya gia, kimeandikwa SHIFT LOCK. Ukikibonyeza unatoa gia. Fundi yule alijua au hakujua? Vyovyote vile, dada alikuwa anakwenda kukopa.

Kupima fyuzi si lazima uichomoe. Mgongoni ina vidoa viwili vya chuma. Ufunguo ukiwa umewashwa, weka mweusi wa mita kwenye bati, mwekundu kwenye kidoa cha kwanza kisha cha pili. Vyote vikisoma 12, nzima. Kimoja kikisoma na kingine kikawa kimya, imekatika. Maandishi ya Kijapani kwenye kifuniko yasikutishe, mara nyingi yamo na ya herufi zetu: HORN, TAIL, STOP, DOME. Rangi nazo zinasema: nyekundu amp 10, bluu 15, njano 20, kijani 30.

Hapa sasa nashuka kwenye kiti nisimame. Fyuzi ikikatika, mnaweka nini? Waya wa kopa. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Au mnachomoa nyekundu ya 10 mnachomeka kijani ya 30, "ili isikatike tena." Loo! Fyuzi imewekwa ikatike, ndiyo kazi yake. Waya uliopo nyuma yake umepimwa kubeba amp 10. Ukiweka 30, siku ya shoti fyuzi itatulia, na kitakachokatika ni waya wenyewe, ukiwa umepita chini ya zulia, nyuma ya dashibodi, kwenye kiti alichokalia mwanao. Utaanza kusikia harufu ya plastiki na moshi unatoka kwenye matundu ya hewa. Sitaki kusikia mtu wa kijiwe hiki kafanya hivyo. Fyuzi mpya ya namba ile ile ikikatika papo hapo, kuna shoti. Acha bila fyuzi, tafuta waya uliochubuka, mara nyingi pale unapopinda kuingia mlangoni au kwenye mlango wa buti, kwa sababu hapo unakunjwa kila siku.

Tukirudi kwa yule anayekausha betri usiku. Taa ya buti ya wati 5 ikibaki inawaka bila wewe kuiona, inakula kama amp 0.4. Betri ya amp-saa 40 itamalizwa kwa saa 100, lakini stata haisubiri zote ziishe. Siku ya pili au ya tatu gari limegoma. Mkamateni hivi. Zima kila kitu, ufunguo uweke mbali, toa waya wa hasi. Mita iwe kwenye amp 10, na ule waya wake mwekundu uhamie tundu la 10A. Ncha moja kwenye waya wa hasi wa gari, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri. Mtu asithubutu kugusa stata wakati huo, mita itaungua. Mlango wa dereva uache wazi ufike kwenye fyuzi za ndani, lakini swichi yake ibane kwa selotepu ili gari lione umefungwa. Subiri kama nusu saa kompyuta za gari zilale. Chini ya 0.05 ni kawaida, saa na alamu vinakula hapo. Ukisoma 0.4, chomoa fyuzi moja moja. Ile ambayo ukiichomoa namba inaanguka, kwenye njia yake ndiko aliko mlaji. Kama hakuna fyuzi inayoiangusha, tazama waya ulioletwa moja kwa moja kutoka betri na mfungaji redio au alamu.

Mnanitajia mashine ya kusoma kompyuta. Ni nzuri, injini ikiwasha taa ya manjano itakupa pa kuanzia. Ila mashine haijui kwamba nati ya ethi kwenye buti ina kutu, na unga kwenye vichwa vya betri hauna namba ya kosa. Mtu akichomeka mashine, ikasema hakuna kosa, akakwambia gari lako zima, wakati taa za breki haziwaki? Aka.

Na vingine si ugonjwa. Redio iliyokuja na gari kutoka Japani inaishia 90 kwa sababu FM ya kwao iliwekwa 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo; kuna kijisanduku cha kupanua masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena. Yule mwanamke anayesema Kijapani kila ukiwasha gari, mara nyingi ni kifaa cha kulipia barabara za kwao, anakukumbusha kuweka kadi. Chomoa waya wake, anyamaze.

Mipaka ipo, na niko makini hapa. Soketi za manjano chini ya usukani ni za mifuko ya hewa, usizipime kwa mita wala usizichomoe. Nyaya nene za rangi ya machungwa kwenye Prius, Aqua na ndugu zao zinabeba umeme wa kuua, betri kubwa ya Prius peke yake ni zaidi ya volti 200. Hizo mpelekee aliyesomea.

Kwa fundi tutakwenda tu, na wapo wazuri, wanaoinama na taa ya kupimia kabla ya kufungua mdomo. Ukienda, nenda na namba zako kwenye karatasi: betri ilisoma 12.6 alfajiri, ikashuka mpaka 10.4 kwenye stata, ikapanda 14.1 injini ikiwaka, na usiku inavuja 0.4 kwenye fyuzi ya DOME. Fundi anayeijua kazi ataipokea karatasi hiyo aanzie ulipoishia. Asiyetaka hata kuitazama, anayekujibu "badilisha tu," mwombe ufunguo wako.