Cha Mtoto Keshakula

Mtoto wa miezi sita hula vijiko viwili, vitatu, cha nne anakutemea. Jagi la blenda yetu hubeba lita moja na nusu. Hesabu hizo mbili ndizo zilizotutia taabuni hapa nyumbani Amani tangu mjukuu wangu alipoanza kuonjeshwa chakula.

Binti yangu ndiyo kwanza apate mtoto, na alijitayarisha barabara. Kliniki walimwambia maziwa ya mama tu mpaka itimie miezi sita, akashika. Walimwambia asali isiguse kinywa cha mtoto kabla ya mwaka, akaificha hata ile niliyokuwa nikinywea chai. Ilipofika siku ya boga akakata kipande cha kiasi cha kiganja, akakichemsha mpaka kikarojeka, akakitia kwenye blenda na kubonyeza. Blenda ikanguruma. Boga likaruka, likaganda ubavuni mwa jagi, visu vikabaki chini vinazunguka vitupu. Akazima, akafungua, akalikwangua kwa mwiko, akafunga, akabonyeza tena. Boga likarudi palepale.

Blenda haitaki kitu kidogo kikavu. Inataka chakula cha kufunika visu na maji ya kukizungusha. Basi akatia maji. Likasagika vizuri, lakini likawa jepesi, linamwagika kabla ya kijiko kufika mdomoni. Na kliniki walishasema chakula cha mtoto kiwe kizito, kitulie kwenye kijiko, kwani tumbo lake ni dogo na ukilijaza maji hapati kitu. Akaongeza boga. Visu vikakwama. Akaongeza maji. Mimi niko barazani nasikia mashine inawaka na kuzimika, na kila nikichungulia jagi limepanda. Mwisho lilifika kwenye mfuniko. Mtoto akala vijiko viwili, akalala.

Usiku ule mkwe wangu alirudi kazini na njaa yake, akafunua kawa, akatazama, akalirudisha taratibu.

"Mama, hiki si cha mtoto?"

"Cha mtoto keshakula," mke wangu alimjibu. "Hicho chenu."

Kesho yake viazi vitamu, keshokutwa karoti. Nikaanza kuuota muhogo, si kwa utamu wake, bali kwa kuwa unatafunwa.

Mke wangu alilea watoto wake wote kwa chujio na upawa, na siku za mwanzo aliicheka sana hiyo blenda. Kisha akagundua kuwa inasaga pilipili mbuzi vizuri kuliko kinu, na urojo wake wa Ijumaa ukawa hauendi bila ya mashine. Jagi akiliosha kwa sabuni, akilisuuza, akilianika juani, hilo nalishuhudia. Lakini chini ya visu kuna mpira, na mpira ule hausahau. Siku moja binti yangu akasagia ndizi, akanijia na kijiko.

"Baba, hebu onja, isije ikawa moto."

Ilikuwa imepoa kabisa. Moto ulikuja baadaye, kwa njia nyingine.

"Ndizi gani hiyo ya kumliza mtu mzima?" mke wangu aliuliza kutoka jikoni, na alipokwisha kuuliza tu akanyamaza ghafla. Sasa tuna jagi la pili, na kazi ya kuonja imekuwa yangu rasmi, bila ya mshahara.

Halafu kuna umeme. Jioni moja ulikatika boga likiwa nusu limesagika, nusu mapande, na mtoto ameshaanza kulia. Kwetu kiza, ng'ambo ya pili Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa upya Desemba 2023, una mechi na taa zake zinawaka kama kawaida, hata paa za majirani zinaonekana bati kwa bati. Mke wangu akaisogeza sufuria dirishani penye mwanga wa uwanja, akapachika chujio juu ya bakuli, akaanza kulipitisha boga kwa mgongo wa upawa. Likashuka laini, zito, kiasi cha vijiko vinne, wala tone la maji halikutiwa.

"Umesahau 2008?" alimwambia binti yake.

Mwaka huo njia ya umeme kutoka Bara iliharibika mwezi Mei, na Unguja ikakaa karibu mwezi mzima bila ya umeme. Kitinda mimba wetu ndiyo kwanza anaonjeshwa uji. Leo hapiti mlangoni bila ya kuinama. Uwanjani wakapiga kelele za bao, nikamwambia mke wangu wanamshangilia yeye.

Ndipo dada yangu aliyeko Toronto alipotuletea mashine maalumu, inayopika kwa mvuke na kusaga humo humo, kipimo cha mtoto mmoja. Hatimaye! Bahati nzuri binti yangu aliigeuza kwanza akasoma chini: volti 120. Soketi zetu ni 230. Tukaipeleka kwa fundi Darajani.

"Mzee, ukiichomeka hii itapika," alisema. "Mara moja."

Alituonesha transfoma ya kupunguzia umeme, imekaribia uzito wa mtoto mwenyewe, na bei yake tungekula maboga mwaka mzima. Tumeshakula ya kutosha. Mashine ikapanda kabatini.

Ijumaa dada akapiga simu ya video. Binti yangu akaiteremsha mbiombio, akaiweka kando ya bakuli. Mtoto ana boga mpaka masikioni. Mimi nikasimama mbele ya waya usionekane unaning'inia.

"Mashaallah! Laini hivyo? Wifi, si nilikwambia?"

"Ulisema, wifi," mke wangu alijibu, upawa ameuficha mgongoni. "Mashine ina mkono mzuri."

"Basi Ramadhani nakuleteeni na ile kubwa."