Mhadhara Elekezi Juu ya Elimu Nusu kwa Nusu, Uliotolewa Nkome, Geita, Kando ya Ziwa, na Mtaalamu Mwenyewe

Elimu! … Nimesema, elimu! … Hiyo "oyee" ni ya watu ambao hawajanywa chai, lakini nitaipokea.

Mheshimiwa Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa Kijiji, viongozi wa dini, viongozi wa BMU, yaani vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, wawakilishi wa wachimbaji wadogo, wazee wangu, akina mama mlioacha dagaa juani na akina baba mlioletwa na uvumi wa posho: itifaki imezingatiwa. Mwangaluka!

Kuhusu posho niseme mapema ili tusikilizane kwa utulivu. Haipo. Kilichopo ni maarifa, na maarifa hayo ndiyo mimi.

Naushukuru uongozi wa shule kwa kutupa darasa hili Jumatano asubuhi, saa za masomo. Naambiwa watoto wa darasa la nne wamerudishwa nyumbani ili mimi nipate pa kusimama. Msiwaonee huruma. Wale tayari wamo kwenye majaribio.

Kwa msiojua hadhi yangu: ninavyo vyeti vya ushiriki wa warsha za Morogoro, Dodoma na Mwanza, vyote vimepigwa laminesheni. Kimoja nilikipata bila hata kuhudhuria, jambo linaloonyesha ninavyoaminika. Kwa mamlaka hayo, leo nazindua rasmi Mkakati wa Elimu Nusu kwa Nusu, kwa kifupi MENUNU.

MENUNU ni nini? Kimsingi, ni mtoto kusomea nyumbani nusu ya muda wake, na nusu nyingine kufundishwa na mwalimu mwenye taaluma. Wamarekani wanao mfumo wa namna hii. Kwao kusomesha mtoto nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, na huko Texas, tangu miaka ya 1990, zimeanzishwa shule ambazo mtoto huenda darasani siku mbili au tatu tu kwa wiki. Siku zilizobaki hukaa na mzazi, wakifuata kazi aliyoiandaa mwalimu. Wajerumani wao wamekataa katakata. Kwao mtoto lazima aende shule. Wajerumani hao walikuja kututawala bila kualikwa, na mpaka leo hawajaniomba ushauri.

Nimeusoma mfumo wa Texas kwa kina, nikagundua unasimama juu ya mambo matatu. La kwanza, mzazi aliyesoma na mwenye muda. La pili, nyumba yenye vitabu, meza na taa. La tatu, mwalimu mwenye watoto wachache kiasi cha kumjua kila mmoja kwa jina. Nikapanda bodaboda kutoka stendi mpaka mwaloni kufanya tathmini, na natangaza matokeo: hapa Nkome yote matatu ni ya kutafuta kwa tochi. Mtaalamu wa kawaida angekata tamaa akarudi Geita mjini. Mimi nimefanya ugunduzi: nimeyaondoa masharti, nikaubakiza mfumo.

Tuje kwenye historia, maana msomi asiye na historia ni mpiga debe. Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wazee walifundisha vijana ukoo, adabu na mifugo. Ile ilikuwa nusu ya nyumbani. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akaandika Elimu ya Kujitegemea, akataka shule ziwe na mashamba na mtoto asitenganishwe na kazi ya wazazi wake. Nilikuwa sijazaliwa, la sivyo wazo lile lingetoka kwangu. Kisha likaja Azimio la Musoma, mwaka 1974, kwamba ifikapo 1977 elimu ya msingi iwe kwa watoto wote, ndiyo UPE. Walimu wakawa hawatoshi. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakasomea ualimu vijijini kwa redio na kwa masomo ya posta, huku wakifundisha. Hao ndio walimu wa UPE mnaowasema mpaka leo. Mbona hamuoni uzuri wake? Mwalimu mwenyewe alikuwa nusu mwanafunzi! Na waliowafundisha kusoma baadhi yenu mliokaa mbele hapa ni haohao.

Halafu ukaja mwaka 2020. Machi 17 Serikali ikafunga shule kwa sababu ya korona, na watoto wa shule za msingi hawakurudi mpaka Juni 29. Vipindi vikarushwa redioni na kwenye televisheni. Nchi nzima ikawa shule ya nyumbani, na kila mzazi akawa mkuu wa shule bila kuombwa barua ya maombi. Nilipita kijiji kimoja cha ziwani wakati ule kufanya utafiti. Redio ilikuwepo. Ilikuwa kwenye mtumbwi, na baba mtu alikuwa nayo kisiwani.

Najua wapo watakaonitishia kwa sheria. Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978 inamtaka mzazi kumwandikisha mtoto aliyefikisha miaka 7 na kuhakikisha anahudhuria shule mpaka amalize elimu ya msingi. Nimeisoma. Januari 2016 ada nayo ilifutwa mpaka kidato cha nne, kwa hiyo hata kisingizio cha ada kimechukuliwa. Lakini niwaulize: mtoto wa mzungu wa kampuni, anayefundishwa sebuleni na mwalimu wa kukodi mara mbili kwa wiki, mmewahi kumwona Mtendaji amemfuata na mgambo? Na mtoto wa Nkome akikaa nyumbani siku hizohizo, baba yake si anaitwa ofisini kwa barua? Tofauti ni nini? Ni kwamba yule wa sebuleni ana mkakati, na wa kwenu hana. Leo nimewaletea mkakati. Sebule mtajitafutia wenyewe.

Sasa ratiba, na hapa ndipo ubingwa wangu ulipo. Wakuza mitaala wote hupanga mihula kwa kalenda ya ukutani. Mimi nimepanga kwa mwezi ulioko angani. Kila mvuvi hapa anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa taa ndiyo inayowakusanya. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauna nguvu, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi inalala mchangani. Basi katika MENUNU, siku za giza mtoto anasoma nyumbani: anaamka alfajiri kupokea mitumbwi, anabeba ndoo, anaanika, anageuza, anafukuza kunguru. Siku za mbalamwezi anakwenda kwa mwalimu. Nilipomweleza mwalimu mmoja ratiba hii, akafungua rejista yake ya mahudhurio, akanionyesha. Watoto walikuwa wanaifuata zamani.

Masomo ya nyumbani nayo nimeyaainisha. Hisabati: mtoto anagawa mapato ya usiku kati ya tajiri mwenye mtumbwi, gharama za taa na mafuta, na mabaharia, yeye akibaki na sifuri, ameielewa sifuri. Uraia: anavuta kokoro ufukweni, wavu uliopigwa marufuku, huku mwenzake akiwa juu ya jiwe anaangalia kama doria inakuja. Hapo wamejifunza sheria, utekelezaji wa sheria na ulinzi shirikishi kwa kipindi kimoja.

Kwa wenzetu wa Nyarugusu na Mgusu, nimeandaa Kemia kwa vitendo. Mtoto anabeba kiroba cha mawe kutoka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa, halafu zebaki inashikwa kwa kiganja ikusanye dhahabu, kisha inachomwa moto. Shirika la Human Rights Watch lilikuja, na mwaka 2013 likatoa ripoti nzima juu ya watoto kwenye migodi midogo ya dhahabu Tanzania, Geita ikiwemo. Likasema mvuke wa zebaki unaharibu mishipa ya fahamu, na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Sawa. Lakini mbona hawakuisifu maabara ambayo haijaigharimu Serikali hata shilingi? Ipo pia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayoruhusu kazi nyepesi tu kuanzia miaka 14 na kukataza kazi za hatari, zikiwemo uchimbaji, kubeba mizigo mizito na kwenda baharini. Imesema baharini. Ziwani haikusema. Mtaalamu husoma sheria kwa makini.

Tumalizie na mwalimu mwenye taaluma. Kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Nilimuuliza mwalimu wa hapa ana wangapi. Akacheka, akaniuliza, "Walioandikishwa, au wanaopata pa kukaa?" Papo hapo nikaona ukuu wa mkakati wangu: nusu wakibaki nyumbani, uwiano unapatikana bila kuajiri mtu. Miaka yote hii zinatafutwa fedha za ajira za walimu na ujenzi wa madarasa, kumbe dawa ya msongamano ni watoto kutokuja!

Mijini nusu ya pili huuzwa. Mtoto anashinda shule, jioni analipia tuisheni, mara nyingine kwa mwalimu yuleyule na kwa mada ileile iliyoachwa katikati mchana. Huo ni ufisadi wa kizamani. MENUNU haimuuzii mzazi wa Nkome nusu ya pili. Inaifuta.

Wivu dhidi yangu ninaukuta kwenye taasisi. Mtaambiwa kwamba ipo MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, unaomchukua mtoto aliyepita umri wa kuandikishwa, akafundishwa kwa saa chache zinazoendana na maisha yake, na wadogo wakarudishwa mfumo rasmi. Mtaambiwa ipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1975, na kwamba kijana aliyeikosa sekondari anaweza kujisomea, akafanya Mtihani wa Maarifa, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtaambiwa kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2021 msichana aliyekatishwa masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi darasani. Yote ni kweli. Kasoro yake ni moja tu: hiyo mipango inamrudisha mtoto kwa mwalimu. Mimi nimeenda mbali zaidi.

Maswali mawili. Ndiyo, mama yangu, wewe mwenye kanga ya njano. Sema kwa sauti, na usimame kwa heshima ya mada.

… Anasema, kwa faida ya walio nyuma: mwanawe hesabu za ndoo za dagaa anazijua kuliko yeye, asichokijua ni kusoma. Anauliza, katika hiyo nusu ya nyumbani, atakayemfundisha kusoma ni nani, ikiwa yeye yuko chanjani tangu alfajiri, baba yake yuko ziwani, na bibi yake hajui herufi? Na ikiwa mwenye taaluma ni mwalimu, na mwalimu yuko shuleni, kwa nini mtoto asikae naye siku nzima? Akaongeza, mshika mbili moja humponyoka.

Swali zuri sana, mama yangu. Liko nje ya mada.

La pili, kijana mwenye kofia. … Anauliza watoto wangu wanasoma wapi. Wako bweni, Mwanza. Siku zote saba za wiki. Lazima pawepo na kundi la kulinganishia. Utafiti ndivyo unavyofanywa. Makofi tafadhali. … Nimesema makofi.

Sasa maazimio, ambayo niliyaandika jana ili kuokoa muda. Azimio la kwanza: MENUNU imepokelewa kwa kauli moja. Azimio la pili: kila mtoto agawanywe mara mbili. Azimio la tatu: Nkome iwe kata ya mfano, na wageni waletwe kujifunza, kwa posho ya wageni.

… Naona mikono. Akina mama wanadai azimio la nne. Mwenyekiti anasema wana haki kama wajumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Haya, nasoma walivyoandika: "Walimu waongezwe. Madarasa yaongezwe. Uji upikwe shuleni, na sisi tutachangia mahindi na dagaa. Mtoto akae darasani siku nzima, giza au mbalamwezi, na atakayemkuta mtoto mwaloni saa za masomo amrudishe shule, hata kama ni mtoto wa tajiri mwenye mtumbwi." Limepita. Limepita kwa mikono yote, ukiacha wangu. Katibu, liandike, na liandikwe kwamba nililipinga kwa misingi ya kitaalamu.

Wenye kutaka kuendelea na maarifa haya, kitabu changu kipo pale mlangoni kwa bodaboda wangu, shilingi 5,000 tu. Nusu ya kwanza imechapishwa. Nusu ya pili mtaiandika wenyewe nyumbani.