Barua ya wazi kwa Sultani Abdulmejid kuhusu paa la Yerusalemu

Kwa janabu mtukufu Sultani Abdulmejid wa Kwanza, mtawala wa dola ya Uturuki tangu 1839 hadi 1861, uliyepumzika Istanbul.

Shikamoo, Mtukufu.

Wabaada ya salamu na taadhima nyingi, naomba radhi kwa kukuamsha. Nisingethubutu kumsumbua marehemu kama ningempata aliye hai wa kumpelekea shauri hili. Nimemtafuta Yerusalemu, sikumwona. Askari wamejaa kila kona, na wakuu wa dini ni wengi, tena wenye joho ndefu. Lakini ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu anayeogopwa ni wewe, kwa firmani yako ya 1852.

Wewe unakumbuka, ila wasomaji wangu huenda wamesahau. Ufaransa iliwatetea Wakatoliki, Urusi ikawatetea Waorthodoksi, nawe katikati ukaona heri kila kitu kibaki kilivyo: kila madhehebu ishike inachokishika, isali kwa saa zake, ifagie vidato vyake. Hukumu ya mtu mwenye busara na kichwa kinachouma. Mwaka uliofuata vita vya Krimea vikalipuka, lakini nani atathubutu kukulaumu wewe peke yako?

Malalamiko yetu, ukiniruhusu kuyaita hivyo, ni kwamba umetiiwa mno. Madhehebu 6 yamo humo: Waorthodoksi wa Kigiriki, Wakatoliki, Waarmenia, Wakopti, Waethiopia na Wasiria. Kwao anayetengeneza kitu amekitwaa. Ukipigilia msumari au ukifagia kidato kisicho chako, umejimilikisha, na wenzako wana wajibu wa kukuzuia. Juu ya mlango mkuu, chini ya dirisha, imeegemezwa ngazi ya mbao iliyoonekana kwenye mchoro wa 1728, karibu karne nzima kabla hujazaliwa. Hakuna mwenye mamlaka ya kuiondoa. Nilipoiona nilikaribia kuipigia saluti.

Ngazi, hata hivyo, haimdhuru mtu. Kinachoniuma ni paa. Huko juu, mahali paitwapo Deir es-Sultan, watawa wa Ethiopia wanaishi katika vibanda vinyonge, nao Wakopti wa Misri wanasema mahali ni pao. Julai 2002 mtawa mmoja wa Kikopti alisogeza kiti chake kivulini kukimbia jua. Waethiopia wakaona kiti kimevuka mpaka. Watu 11 wakaishia hospitali. Kwa ajili ya kiti, Mtukufu! Vibanda vyenyewe vinazidi kuchakaa, kwa kuwa kumruhusu mmoja apige lipu ni sawa na kumkabidhi hati ya nyumba.

Usinidhanie mtovu wa shukrani. Ufunguo wa kanisa hilo hutunzwa na ukoo wa Joudeh, na mlango hufunguliwa na ukoo wa Nuseibeh, Waislamu wote wawili, kwa karne na karne. Mpango huo naupenda kuliko yote mjini: mlango kafungua asiyedai hata tofali moja ndani. Hatua chache kutoka hapo upo Msikiti wa Al-Aqsa, na chini yake Ukuta wa Magharibi wa Wayahudi, vyote ndani ya kuta alizozijenga jadi yako Suleiman, katika eneo lisilofika kilomita moja ya mraba. Huko nako kila jiwe lina wadai, na ugomvi wao umeshamwaga damu nyingi. Ndiyo maana siwezi kuicheka amri ya kugandisha mambo kwa moyo mkunjufu. Pengine kuganda ndiko kulikowaacha hai.

Ila naomba nikunong'oneze jambo. Kijumba kilichojengwa juu ya kaburi lenyewe kilikuwa kimeshikiliwa kwa vyuma walivyovifunga Waingereza mwaka 1947. Mwaka 2016 Wagiriki, Wakatoliki na Waarmenia wakakubaliana kikarabatiwe, wakaja mafundi kutoka Athens, na 2017 kazi ikaisha. Kila mmoja alibaki na sehemu yake ile ile. Kumbe firmani yako inaruhusu saruji, wenye nia wakipatikana.

Basi nakupigia magoti uongeze mstari mmoja tu: atakayeziba paa linalovuja asihesabiwe kuwa amelitwaa. Ngazi iache ilipo. Viti navyo viruhusiwe kusogea kivulini kuanzia saa sita mchana. Na kama huko uliko hakuna wino, waamuru waheshimiwa mapatriaki wauandike wenyewe na kuutia saini zao. Wamekusingizia wewe miaka yote hii, wakikusingizia mara moja zaidi kwa ajili ya wazee wanaolowa mvua, nina hakika hutawakana.

Wako mtiifu kupita kiasi,
Msafiri wa kutoka Afrika Mashariki